Kwa Aika, Aliye Juu ya Barafu

Aika mwanangu,

Nakuandikia nikijua simu yako haishiki mtandao. Nisipoandika nitapiga kelele, na majirani wa hapa Pearland hawajazoea.

Unakumbuka Lewisville, ile baridi ya umeme kukatika, bwawa la kuogelea la pale tulipopanga lilipoganda? Ulikuwa bado mdogo. Ukachukua mpini wa mopu, ukagonga barafu, kisha ukaweka mguu mmoja. "Mama, look, it's holding me!" Nilikudaka kwa kofia ya koti, nikakuburuza hadi ndani huku nikikufokea Kichaga na Kiswahili kwa pamoja. Wewe ulicheka. Mimi nikafunga mlango kwa ufunguo, na ule mpini nikauficha.

Nilidhani nimekukomesha. Kumbe ndiyo kwanza ulikuwa unaanza. Ulipopata kazi huko karibu na ncha ya dunia, ya kutoboa barafu ya pwani na kupima unene wake, nilikuuliza kama huku kwetu Houston hakuna kazi. Ukanipa somo kwenye simu nikipasha chakula changu kazini hospitalini: "Mama, relax. Ya bahari siyo kama ya bwawa. Ina chumvi, so inaanza kama uji mwepesi, halafu inakuwa vipande vya duara kama chapati, vinagongana, vinashikana. Ikiwa changa inapinda before ivunjike." Nikakujibu kwamba chapati zangu hazijawahi kuzamisha mtu. Kisha nikakuuliza unaogopa nini huko. Ukajibu: "Upepo wa kutoka nchi kavu. Unaweza kubandua barafu yote ufukweni, na wewe uko juu yake."

Laiti nisingeuliza.

Jana asubuhi upepo huo ulivuma. Kiongozi wenu wa kazi alinipigia. Ufa umefunguka kati yenu na pwani, akasema, na wewe na wenzako wawili mko juu ya kipande kinachoelea. Mna hema na chakula. Helikopta inasubiri ukungu unaopanda kutoka kwenye maji yaliyo wazi upungue. Alisema yote kwa upole, na upole ule naujua, sisi manesi ndio tunaoutumia kwa ndugu wa wagonjwa.

Watanzania wenzetu wamesikia. Mama Joshua wa kanisani amekuja na sufuria la pilau, na mikeka kwenye gari. Pilau nilipokea, mikeka nikamwambia airudishe. "Dada, tumekuja tu kukaa na wewe," akasema. Najua kwetu watu huja kukaa na mtu wakati gani. Nikamfungia mlango, Mungu anisamehe.

Kugeuka, nikamkuta baba yako anasukuma makochi ukutani. Taratibu, bila kuniangalia, anaacha sakafu wazi kama tunavyofanya nyumba ikifiwa, waombolezaji wapate pa kukaa. Nikamuuliza anafanya nini. Akasema anafagia. Ufagio hakuwa nao.

Naogopa, Aika. Naogopa giza la huko ambako majira haya jua halichomozi. Naogopa simu ikilia, naogopa isipolia. Lakini kochi kubwa nimelirudisha mahali pake kwa mikono yangu, nimelikalia, na baba yako nimemketisha upande wa pili. Hatuinuki mpaka watuambie umekanyaga nchi kavu.

Mama yako,
ambaye hajafiwa.