Kiherehere, Paka wa Marehemu Mama

3 Machi

Kitindamimba wangu,

Salamu nyingi. Natumaini hujambo na kazi haikulemei. Mimi ni mzima, goti tu ndilo linalonikumbusha umri. Masikio yameshajiuzulu kabisa, miaka yote hiyo ya kugonga bati si mchezo, kwa hiyo usinipigie simu ukabaki kuongea na hewa. Na yale maandishi madogo ya kwenye simu macho hayayataki. Andika barua.

Jambo lenyewe ni paka wa marehemu mama yako. Tangu tumzike, huyu Kiherehere amejifanya ndiye mwenye nyumba. Analala kitandani upande wa mama yako. Nikimsogeza ananitazama utadhani mimi ndiye mpangaji. Mgeni siku ya tatu mpe jembe. Huyu nimpe nini, nyundo? Watoto wa wenzangu wanatibu watu, wangu kazi yake kufunga paka kizazi. Haya, leo faida yake nimeiona. Mchukue umpeleke huko kwenye nyumba yenu ya paka.

Mimi baba yako

11 Machi

Shikamoo baba,

Mimi sijambo, ila barua yako imenichekesha mpaka nikaishia kulia, maana nilimwona mama akilini akikutetea kwa huyo paka.

Baba, nyumba yetu imejaa. Sheria ya hapa unaijua: hakuna paka anayeuawa, awe mgonjwa, kilema au hana wa kumtaka. Ukishaahidi hivyo huwezi kupokea kila anayeletwa, utawaweka wapi, darini? Ndiyo maana tunawafunga kizazi kwa bei ya kilo mbili za sukari, ili wasizaliwe wa kutupwa. Watu wanapanga foleni tangu alfajiri, paka wamo vikapuni, kwenye mifuko ya saruji, na juzi mmoja kaja ndani ya sufuria yenye mfuniko. Daktari ni mimi peke yangu, kutoka siwezi. Kiherehere nimemwandikisha angoje nafasi. Vumilia kidogo, baba.

Mwanao

2 Aprili

Binti yangu,

Marahaba. Hali yangu si haba. Sufuria yenye mfuniko! Dunia ina mambo.

Huku vituko havijaisha. Mtu akibisha mlango, Kiherehere anakuja kunikwaruza mguu na haondoki mpaka niende kufungua. Mama yako alikuwa ananigusa bega, naye katazama miaka yote akajifunza. Jana kanikwaruza kwa ajili ya muuza maziwa, mara kwa ajili ya jirani yetu seremala, mara nafungua nakuta ni upepo. Nikamgombeza kwa huo upepo. Kanuna, wallahi, mpaka nikambembeleza kwa kichwa cha samaki. Mzee mzima!

Hilo la nafasi usilikimbilie. Wenye shida kunizidi watangulie.

Mimi baba yako

20 Mei

Shikamoo baba,

Nisamehe kwa kimya, kazi ilinifunika. Goti linaendeleaje?

Habari njema, nafasi imepatikana! Najua ulisema wengine watangulie, lakini ndivyo ulivyo, hupendi kumsumbua mtu. Nimembembeleza mkuu wetu hadi akachoka mwenyewe. Watu tumewaruka, hata naona haya. Anayekupa barua hii ni dereva wetu, na kizimba anacho. Mpe Kiherehere. Sasa utapumzika, baba yangu.

Mwanao

22 Mei

Binti yangu,

Marahaba. Dereva wenu alifika. Alibisha, Kiherehere akanikwaruza, nikaenda kufungua.

Nimeisoma barua yako pale pale mlangoni, yeye kasimama na kizimba chake. Mtoto wa watu katoka mbali, na wewe umeshambembeleza mkuu wako. Ningesema nini? Nimemtia ndani mwenyewe. Nimemwekea na mtandio wa mama yako, ndio anaoulalia.

Asante.

Baba

14 Juni

Shikamoo baba,

U hali gani? Barua yako ilikuwa fupi, nikasema goti limekusumbua.

Kiherehere nilimpasua mimi mwenyewe kumfunga kizazi. Amepona vizuri, na kwao amepata! Mwalimu mmoja wa shule ya msingi, mama mpole, alikuja akitaka paka mkubwa asiye na fujo. Kiherehere kamrukia mapajani, yakaisha. Wiki chache tu, baba, na wengine hapa wanamaliza mwaka. Mtandio wa mama nimeufua, nimekutunzia.

Mbona huniandikii kama zamani?

Mwanao

30 Julai

Binti yangu,

Salamu. Mwili mzima, nisamehe kwa kimya.

Nilidhani watu wamenisusa. Siku zinapita, hakuna anayeingia, nikasema basi, walikuwa wageni wa mama yako, si wangu. Kumbe wanabisha wee, wanachoka, wanaondoka. Juzi seremala kavunja dirisha akidhani nimekufa, kanikuta nakunywa chai. Tulicheka sana. Alipoondoka nikalia, sikufichi.

Mdomo huponza kichwa. Nilisema mchukue, nilisema kwa kalamu yangu, na wewe ukanitii. Lakini binti yangu, humu ndani yule ndiye aliyekuwa amebaki anayemkumbuka mama yako pamoja nami. Jioni tulikuwa tunautazama mlango wawili. Sasa nautazama peke yangu, na hata ukibishwa sijui.

Namtaka paka wangu. Muulize huyo mwalimu kama atanielewa. Asipokubali basi, usigombane naye.

Baba yako

6 Agosti

Shikamoo baba yangu,

Barua yako nimeisoma na glavu mkononi, foleni ikangoja. Kwa nini hukuniambia? Na mimi mwanao, niliyekulia magotini pako, kwa nini sikukuelewa? Uliandika “Wenye shida kunizidi watangulie,” nami nikaona ni adabu tu.

Nimemfuata mwalimu shuleni kwake. Machozi yalimtoka, ameshamzoea, lakini kasema paka wa mgane arudi kwa mwenyewe. Mkuu naye ameridhia. Jumapili nakwenda kumchukua, kisha nitaomba ruhusa nikuletee kwa mikono yangu. Ngoja kidogo tu, baba.

Mwanao

11 Agosti

Shikamoo baba,

Kaa chini kwanza ndipo usome.

Jumapili nilifika kwa mwalimu, nikamkuta mlangoni ana matope hadi magotini. Kiherehere alikuwa ametoka dirishani tangu jana yake, hajarudi. Tulizunguka mtaa mzima tukimwita. Tulimkuta nyuma ya bucha, amelala na paka wengine wawili, wote wameshakauka. Mwenye bucha alitia sumu kwenye utumbo. Anasema amechoka, wanazaana kila siku. Mtaa ule tulipanga kuufikia mwezi ujao, tuwafunge kizazi paka wake wote ili asiwepo wa kumchosha mtu.

Kila anayepita getini kwetu namwambia kwa majivuno kwamba hapa hauawi paka. Wako nimemtoa kitandani mwa mama nikampeleka kwenye sumu. Nimemzika nyuma ya kliniki, nimechimba mwenyewe.

Nilitaka kuja nikuambie uso kwa uso, baba. Nimetanguliza barua kwa sababu ya woga. Nisamehe kama unaweza. Ukiniandikia neno moja tu, nitakuja.

Mwanao

11 Agosti

Kitindamimba wangu,

Marahaba, tena marahaba mara mia! Ile barua ya kusema mwalimu amekubali nimeiokota chini ya mlango leo asubuhi. Nimeirudia na kuirudia mpaka seremala akaninyang'anya asome na yeye. Mungu amlipe huyo mwalimu.

Jumapili yenyewe imeshapita, kwa hiyo sasa hivi Kiherehere yuko kwako, bila shaka anapekua makabati. Usihangaike kumleta. Una kazi, na watu wana foleni. Nakuja kumchukua mimi. Unashangaa? Tiketi nimekata, naondoka kesho alfajiri. Jina la mtaa wenu nimeliandika kwenye kadibodi, nitamwonyesha kila kondakta mpaka nifike.

Kizimba nimekitengeneza kwa bati jipya, nyundo nilikuwa sijaishika tangu mama yako augue. Nimetoboa matundu ya hewa, kingo zote nimezikunja na kuzisugua, hata nimepitisha shavu langu kujaribu. Seremala anasema angekuwa mdogo angelala humo yeye.

Barua hii nampa dereva wa basi la leo jioni aidondoshe hapo kliniki. Usinijibu, haitanikuta. Mpe chakula kidogo tu siku hiyo, asije akatapika njiani. Na mwambie nakuja.

Mimi baba yako