Kichwa Tu, Mkamwana

Jumatatu, 10 Juni 2024
Nimerudi nyumbani Msamala hoi, natoka hospitali. Baba mkwe, Mzee Makarius, kaletwa kutoka Maposeni kwa bodaboda, kajikunja. Namwuliza anaumwa nini. "Kichwa tu, mkamwana." Kichwa! Na tumbo limevimba kama ngoma. Kwetu mtu na mkwewe hawatajiani mambo ya choo, hata kama ni kufa. Mume wangu Thadei ndiye angemwuliza, lakini lori lake limeharibika huko Namasakata.

Bahati hospitalini tukamkuta Dk. Noela. Akamgusa tumbo, akanitazama, akanitoa nje. Huko ndani mzee akasema yote — choo hakuna, hewa haitoki, anatapika. Picha ikaonyesha utumbo umejisokota. Jioni hii hii wamempasua, kipande kilichooza wamekitoa. Yuko hai! Mungu ampe dokta huyu maisha marefu.

Jumatano, 12 Juni
Anajitambua. Nimempa shikamoo, kaitikia akitazama ukuta. Mpira bado uko puani. Uji hapewi mpaka ajambe. (Nimeandika hivyo hivyo. Nani anasoma?) Dokta akipita anamwuliza mbele yangu: "Mzee, umetoa hewa?" Anatikisa kichwa. Bado.

Manesi wapole kweli. Na jirani wa kitanda, Mzee Daimu wa Tunduru, mwenyewe mgonjwa, anamwombea dua. Nawashukuru wote.

Ijumaa, 14 Juni
Bado! Tumbo linaanza kujaa tena. Dk. Noela kasema ikifika mchana kukiwa kimya, huenda wamfungue upya. Kwa umri ule! Tangu asubuhi nimekaa kando ya kitanda chake na rozari, sijanyanyuka.

Mzee Daimu kajikokota, kaniita pembeni. "Mwanangu, dua zimetosha. Sasa toka nje. Mwenzangu anajibana. Ukigeuka tu anataka kuanza, ukirudi anakaza uso." Nimecheka. Halafu nikaona aibu. Dokta alinitoa nje siku ile ile ya kwanza, na mimi sikujifunza kitu!

Nikaaga kwa sauti kubwa: "Baba, naenda sokoni mara moja." Nimeishia kwenye benchi, nje ya mlango wa wodi. Naandika hapa hapa.

Kimya. Mtu kakohoa. Ee Bikira Maria, tusaidie.

Kimya bado.

Wamecheka! Wodi nzima! Mzee Daimu anapaza sauti, "Alhamdulillahi!" Kuna anayepiga makofi. Machozi yananitoka, nimejiziba mdomo na kanga nisisikike.

Sasa baba mkwe anaongea. Sijaisikia sauti yake ikitoka vizuri hivi tangu aletwe. "Mkamwana kafika mbali?"

"Ah, huyo yuko sokoni zamani," anajibiwa na Mzee Daimu. Mungu amsamehe uongo huo, na ambariki.

Dk. Noela huyo anakuja. Kaniona. Namwonyesha kidole mdomoni, haelewi. Anatabasamu, anapunga mkono, anafungua mdomo aniite —