Mto wa Kupuliza wa Shivachi

Mama Khalid, hakuna mtu wa mitumba anaweza kunidanganya mimi. Sawa, toa ile siku nilileta nyumbani viatu viwili vya mguu wa kushoto.

Sasa unajua wiki ijayo hija ya kanisa tunatembea siku tatu, tunalala sakafuni, na hii shingo yangu! Nikaenda soko la Kawangware kutafuta mto mwepesi wa kubeba mgongoni.

Shivachi, yule wa kanisani kwetu anayeuza mitumba, akanitolea kitu kimekunjwa kama soksi. "Shosho, bibi yangu, huu unapulizwa. Mimi mwenyewe nimeulalia Mlima Kenya siku tano!"

Siku tano! Na hilo tumbo! Huyo hata kupanda ngazi za kanisa anashikiliwa.

Nikamwambia, "Basi upulize nijaribu shingo."

Mama Khalid, akaugeuza. Akaugeuza tena. Akaweka mdomo kwa kona, akapuliza mpaka macho yakamtoka. Alikuwa anapuliza mshono!

SIKU TANO!

"Ni baridi ya huko juu, Shosho. Ilinisahaulisha pa kupulizia."

Nikamwonyesha na kidole. Kifuniko kiko hapo katikati, bado kimezibwa na stika ya kiwandani.

Shivachi akaanza kupanga soksi.