Ndizi Zangu Mbele ya Profesa

Mama Zuhura mke wangu,

Hamjambo huko Tanga? Mimi mgongo umechoka kubeba mchanga, na mvua ya Tukuyu haijui kupumzika.

Kwenye kanisa tunalokarabati huku Kinyala, lipu ilidondoka katikati ya picha ya ukutani ya Yesu akila na wanafunzi wake. Fundi mkuu akaniambia nizibe na nipake rangi. Nikamuuliza mzee wa kanisa walikuwa wanakula nini. "Ndizi," akasema. "Mgeni utampa nini kingine?" Nikachora mkungu mzima mezani.

Jana akaja mama mmoja kutoka Hispania, profesa wa historia ya picha. Tangu usichana anasoma kuta za makanisa ya kwao, na ameandika vitabu vinene. Akazikodolea macho ndizi zangu mpaka miguu ikamuuma. Fundi akaninong'oneza, "Ukifungua mdomo, huna kazi."

Lakini mama alishaanza kuandika kwamba ni za kale! Nikasema, "Mama, nimezichora mimi, Jumanne iliyopita."

Akacheka mpaka akakalia mfuko wa saruji. "Kwa nini mbichi?"

"Kopo la rangi ya njano lilikwisha."

Akaliandika na hilo. "Baba, maisha yangu yote nawauliza wachoraji maswali, na wote ni marehemu. Wewe ndiye wa kwanza kunijibu." Akamwona fundi amenikunjia uso, akamwomba asinifukuze.

Sasa fundi ananiita msanii, na mchanga bado nabeba.

Wabusu watoto. Nikirudi nipikie wali wa nazi. Ndizi nimezitazama vya kutosha.

Mumeo, Baba Zuhura