Uso Kwenye Ukuta wa Uwanja

Butembo, tarehe 6 Julai

Yaya Kanyere, dada yangu mpendwa,

Bwana asifiwe. Hujambo wewe, shemeji Paulin na watoto? Kakao imekauka, au mvua ya Kamango bado inawachezea? Mimi mwili ni mzima, ila moyo umechafuka tangu wiki iliyopita. Hata ugali haupiti, mimi unayenijua kwa ulafi.

Nilikuwa nimepata kazi. Papa Éliakim, mwenyekiti wa kamati ya sikukuu ya uhuru mtaani kwetu, alitaka picha kubwa kwenye ukuta wa uwanja wa mpira, iitwe Mama Kongo. Alisema nchi imegawanyika, vita vimetuchosha, donc sanaa ituunganishe. Nilimwamini, mjinga mimi. Nilichora mwanamke wa miaka sitini, kitambaa kichwani, macho ya mtu aliyezika wengi lakini bado anakukaribisha ukae. Bendera sikuweka. Kabla rangi haijakauka, wapita njia walikuwa wanamsalimia kwa utani, kwa Kinande chetu: "Wabukire, mama!"

Tarehe 29 mchana kamati ilikuja kukagua, fulana mpya za bendera kifuani, wananuka bia na uzalendo. Mmoja akasema pua ni nyembamba mno. Mwingine akasema hata paji la uso si la kwetu. Yaya, watu wazima walisimama pale wakipima pua kwa vidole kama wanunuzi wa mbuzi! Papa Éliakim akatangaza kwa kipaza sauti: "Huyu hapana mama ya Kongo. Batu ya adui ndio banakuwaka na sura hii." Akaongeza kwamba mkana kwao ni mtumwa, wakampigia makofi. Kisha matope yakaanza kuruka. Mwalimu wa kwaya, yule anayetufundisha nyimbo za upendo, alisogea karibu akatema mate.

Waliniuliza mwanamke huyo ni nani. Nikajibu kwamba simjui, nimemtoa kichwani tu.

Kando ya ukuta ule alikuwa anakaa Nadège, mama aliyekimbia vita akaja kwetu na watoto wawili, anauza ndizi za kuchoma. Aliinuka, akafungua kitambaa chake cha kichwa, akaanza kufuta matope kwenye macho ya picha, halafu mdomo. Wakamfokea kwamba bila shaka ni ndugu yake. Akawajibu bila haraka: "Mimi simujue. Mais hata kama hapana mutu wa kwetu, iko mama ya mutu." Walipindua ndizi zake, wakamfukuza kwa maneno nisiyoweza kuyaandika. Jioni hiyo alihama na watoto. Niliambiwa yuko Mulekera, kule Beni. Jumapili nilipanda moto, pikipiki ya abiria, hadi huko kumtafuta, nikarudi mikono mitupu.

Sasa kaa chini, yaya. Sura ile niliinakili kutoka kadi ya uchaguzi ya mama, picha pekee aliyotuachia. Ni mama yetu waliyemtemea mate, mama wa kijijini Kipese, Mnande halisi, ambaye hata Kinande cha mjini kilimchekesha. Kadi ilikuwa mfukoni mwa shati langu wakati wote. Ningeitoa, wangeona haya. Niliogopa. Waliponipa chokaa nilimfuta mwenyewe, nikianza na macho yasinitazame. Na hata ningeionyesha, wangemwomba radhi mama, halafu wangemfukuza Nadège vilevile. Hilo nalo linanitapisha. Lakini zaidi ya wote najichukia mimi. Mgeni alimpangusa mama uso, mtoto wake amesimama na brashi mkononi.

Kadi iko ndani ya bahasha hii. Itunze wewe, mimi sistahili kuishika.

Msalimie sana shemeji. Watoto wakumbatie kwa niaba yangu, na wakiuliza adui ana pua ya namna gani, wape kioo.

Mdogo wako,
Mathe