Wimbo wa Matanga ya Riziki

Kabambare

Mdogo wangu Sifa,

Unisamehe kimya hiki kirefu. Tangu tulipomzika wifi yako Riziki sijaweza kuandika, hata kwako wewe. Je, maumivu ya miguu yamepungua? Mihogo imekubali mwaka huu huko Kasongo? Mwili wangu hauna ugonjwa. Moyo ndio hauamki.

Unaijua desturi ya kwaya yetu: siku ya kuondoa matanga, marehemu huimbiwa wimbo mpya wenye jina lake, nami, mwalimu wao, ndiye mtunzi. Nimewatungia wengi, hata watu nisiowapenda. Kwa mke wangu sijapata mstari mmoja.

Jumapili, baada ya ibada, Mama Feza, katibu wa kwaya, alituletea wimbo uliotungwa na mashine iliyo katika telefone yake. Aliipa jina la Riziki, akaieleza shamba lake la mpunga na kwamba alipenda kuimba. Beti nne, mizani haina kosa. Waimbaji walilia. Sifa, nami nililia.

Nikauliza kwa ukali, "Mashine hii ilimsikia lini akiimba?"

"Haikumusikia, Mwalimu. Wewe ulimusikia miaka yote. Sasa wimbo yako iko wapi?" akajibu Mama Feza.

Mzee Kitenge, mwimbaji wa besi, akadakia, "Mumuache Mwalimu, angali anasahihisha machozi."

Wakacheka.

Wimbo ule unasifu sauti yake tamu. Wewe ulimjua: Riziki hakuweza kushika sauti hata siku moja. Alipotwanga mpunga akiimba, nilifunga dirisha. Alipoomba kuingia kwaya, nilimkatalia mbele ya watu, naye hakuomba tena. Mashine haina sikio. Ilisema yale yanayosemwa juu ya wafu wote, na haikuona uzuri wowote. Lakini mimi mwenye sikio, niliyelala naye nyumba moja, niliona nini? Nilihesabu makosa. Zamani ningekuambia kwamba uzuri huonjwa na binadamu tu, si mashine. Leo sithubutu.

Nikiuruhusu wimbo huo, nitamuaga mke wangu kwa uongo. Nikiukataa, matanga yake yataondolewa kimya, na kosa litakuwa langu tena.

Nisalimie shemeji, mumeo. Nisalimie pia shangazi yetu msuka mikeka. Na binti wa marehemu kaka yetu, yule mkunga.

Kwaya inataka jibu kabla ya mazoezi ya Alhamisi. Nikiisha kuamua nitakuandikia, hata kama ni neno moja tu.

Kaka yako,
Kalonda