Njugu Juu ya Jiwe

Kwa Makori Onsongo,
Soko la Ndhiwa,
Homa Bay.
14 Septemba 1997

Mpendwa mwanangu Okari,

Huyu baba yako mkubwa anayekuandikia ana miaka sabini na tisa. Nimeishi muda mrefu kuliko ndugu zangu wawili, machifu watatu, baiskeli nne, na yule daktari aliyeniambia sitamaliza mwaka. Alitangulia yeye, Mungu ampumzishe. Barua hii nimeiandika kwa mkono wangu, herufi moja moja kama mtu anayeng'oa visiki, na kwa Kiswahili kwa sababu Kikisii chako kilimezwa na Mombasa.

Hujambo lakini? Mkeo Bochaberi hajambo? Joto la huko bado linawachemsha? Sisi tu wazima. Mvua fupi inanukia, na ng'ombe mweupe amezaa jike. Mama yako mkubwa Phelesia analalamikia goti asubuhi tu, mchana analisahau.

Sasa nisikilize. Barua yako ya Pasaka ilisema njugu zitaniua, ati zina mafuta mengi, mtu wa umri wangu ale mkate laini na chai. Nilicheka mpaka Phelesia akaja kuangalia kuna nini. Mkate na chai, ikifika saa nne tumbo linakuita kwa jina! Mimi hula konzi ya njugu za kukaanga asubuhi, nikashika jembe mpaka jua la saa saba, wala simuulizi mtu chakula kiko wapi. Meno ninayo yote ila mawili, na hayo yaling'olewa na fahali, si uzee.

Njugu nilifundishwa na jirani yangu Mjaluo, mzee Olang'o, tulipohamia huku kutoka Kisii. Sisi watu wa ndizi na wimbi tulizidharau. Mwanangu Oyaro amezidharau mpaka leo, au niseme mpaka Agosti.

Maana mwaka huu mtoto wake Beverlyne, baada ya kuachishwa ziwa, alianza kunyauka. Asubuhi uji wa mahindi mtupu, jioni uji wa mahindi mtupu. Mbavu ulikuwa unaziona ukiwa mbali. Nesi Rael wa zahanati alimwambia mama yake, Bonareri, kwamba uzito usipopanda mtoto atalazwa. Na mtoto wa kwanza wa nyumba ile, unakumbuka, tulimzika akiwa na umri huo huo.

Nikamwambia Oyaro ampe mtoto njugu. Akanijibu mbele ya watu, "Baba, hiyo ni chakula ya jirani. Mtoto wa Mkisii hulelewa na wimbi."

"Na hiyo wimbi iko wapi nyumbani kwako?"

Akanigeuzia mgongo akaenda zake. Nami nikaapa kwamba sisemi naye tena. Unanijua.

Basi mke wa mwanangu ni mtu wa heshima kwangu. Kwa mila yetu siingii nyumbani kwake, simsogelei, sipigi naye soga, na yeye hataji jina langu. Phelesia naye alikuwa Nyamira kwenye matanga ya dada yake. Nikatumia akili. Kila asubuhi nilimenya njugu nzuri, zenye ukungu nikazitupa maana hizo ni sumu, nikaweka bakuli juu ya jiwe lililo kati ya nyumba zetu mbili, nikakohoa, nikaondoka. Jioni nikalikuta bakuli tupu. Nikajisifu kwa Olang'o: yule mtoto anakula kama askari!

Phelesia aliporudi alizunguka nyuma ya jiko la Bonareri, akaniita. "Mzee, njoo uone mjukuu wako alivyonona!"

Nikachungulia kutoka kwenye ua. Njugu zimechipua, mistari imenyooka! Ulikuwa Aprili, mwezi wa kupanda, baba mkwe anaacha njugu mbichi bila neno, sasa mwanamke afikiri nini? Aliona ni mbegu, nimeamuru zipandwe. Kwa heshima akazipanda zote, hata moja hakuonja. Na mtoto amezidi kukonda.

Mwingine angeona haya. Mimi nilitafuta sufuria. Nikakaanga njugu nyingine mwenyewe, na mvi zangu hizi, Olang'o akipiga kelele kutoka barabarani, "Makori! Umeolewa lini?" Nikazitwanga zikalainika kama udongo wa mfinyanzi. Haya, zipande hizo! Phelesia akazipeleka na maelezo: kijiko kikubwa katika uji, zikiwa zimetwangwa, maana njugu nzima humkaba mtoto mdogo. Nasikia Oyaro alinuna. Mkewe hakumngoja amalize kununa.

Agosti, siku ya mizani, nilitangulia zahanati nikasimama nje ya ua, heshima mahali pake. Wakamtundika mtoto kwenye mizani. Mshale ukapanda, ukapita pale pa zamani, ukaendelea. Nikasikia nesi, "Mama, huyu umemlisha nini?"

Bonareri, ambaye hawezi kunitaja, akasema, "Uji na njugu ya yule mzee amesimama hapo nje."

Watu wote wakageuka! Okari, niliinua kofia kama mbunge aliyeshinda. Nesi akatoka, akaniambia kweli njugu hujenga mwili, ila si dawa, mtoto akishikwa na homa aletwe, na aongezewe maziwa na mboga. Nikamjibu kwamba hayo yote nilikuwa karibu kumwambia yeye.

Oyaro alikuja kuniomba mbegu. Nilimwacha aombe mara ya pili ndipo nikasikia.

Lakini jambo lenyewe bado. Bonareri alivuna lile shamba lake la makosa. Asubuhi moja nikakuta bakuli langu juu ya jiwe, limejaa njugu za kuchemsha, limefunikwa na jani la mgomba. Na nyuma ya mlango wake, mtu akakohoa. Mara moja tu, kama mimi. Ameolewa hapa miaka minne, na hilo ndilo neno la kwanza aliloniambia mwenyewe. Nilizila zote. Hata Phelesia sikumbakishia.

Msalimie Bochaberi na kijana wenu Jeremiah. Nawatumia mfuko wa njugu, nawe ukae nao mezani badala ya huo mkate. Bwana awalinde mnapotoka na mnapoingia.

Ukiona nimeongeza chumvi, muulize nesi Rael, muulize Olang'o, muulize Phelesia, ingawa yeye atacheka kwanza. Au njoo Desemba umwone shahidi mkubwa mwenyewe, anakimbiza kuku uani. Mwinue. Utamweka chini upesi, maana ni mzito.

Ni mimi baba yako mkubwa, nikupendaye na meno yangu yote ila mawili,

Makori Onsongo